Kompyuta Mpya Inagoma Kupigwa Windows: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Ilipokwama

Kompyuta mpya ikigoma kupigwa Windows, uliza kwanza imekwamia wapi. Aliye Dar es Salaam anaweza kubahatisha: anashuka Kariakoo, anabadilisha RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta), jioni anajaribu tena. Ukiwa Kigoma, RAM hiyo iko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na parseli ikija na kitu kisichoendana na mazabodi (bodi kuu) yako, wiki imekwenda na hela ya kutuma mzigo imekwenda. Treni ya Reli ya Kati ikichelewa kufika huku, watu huuliza imeonekana mara ya mwisho Tabora, Kaliua au Uvinza. Hakuna anayeanza kwa kufungua injini. Usakinishaji nao una vituo vyake, na kila kituo kina magonjwa yake machache.

Mwongozo huu unachukulia unapiga Windows 11 kwenye kompyuta ya mezani iliyoungwa kwa vipande vipya, au vipya vikichanganywa na mtumba. Sehemu kubwa inahusu Linux vilevile.

UMEME, NA SAFARI YA VIPANDE

Pawa saplai za bei ya chini huwa na swichi nyekundu nyuma yenye namba 115 na 230. Kwetu lazima isome 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye soketi, utasikia mlio mmoja na harufu, na hapo umeshanunua nyingine.

Umeme unaopanda na kushuka, hasa msimu wa mvua na radi kuanzia Novemba, huvuruga usakinishaji bila kuacha ushahidi. Kompyuta inajizima nusu sekunde, inawaka tena, wewe unaona tu imerudi mwanzo na unaanza kuilaumu flashi ya kusakinishia. Funga UPS (betri ya akiba ya kompyuta). Ya VA 650 inaivumilia kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya grafiki, pamoja na skrini yake, kwa dakika kadhaa, na hizo zinatosha kuizima kwa utaratibu. Kama unatumia sola, tazama inveta: zile za bei ndogo hutoa umeme wenye wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa haziupendi, hivyo mashine huzima ghafla kazi ikiwa nzito. Inayofaa huandikwa "pure sine wave" kwenye boksi.

Kama mashine iliungwa Dar ikasafirishwa kwa basi, ifungue kabla ya kuiwasha. Chomoa na kurudisha RAM, kadi ya grafiki, waya wa pini 24 wa mazabodi, na waya wa pini 8 wa prosesa ulio juu kushoto. Kuhusu RAM usifanye haraka. Tazama meno yake ya dhahabu chini ya mwanga. Yakiwa na ukungu au alama za vidole, yasugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha ondoa chengachenga kwa brashi kavu. Oanisha pengo la RAM na kizuizi cha tundu, sukuma kwa vidole gumba viwili, kimoja kila ncha, mpaka usikie "tak" upande huu na "tak" upande wa pili. Mazabodi nyingi za sasa zina kishikizo upande mmoja tu, na ule usio na kishikizo ndio unaodanganya: unaonekana umeingia, kumbe umebaki milimita moja juu. Milimita hiyo imewapeleka watu wengi kununua RAM ambayo hawakuihitaji.

FENI ZINAZUNGUKA, SKRINI NYEUSI

Hapa hujafika hata kwenye Windows, kwa hiyo flashi haina kosa. Mazabodi nyingi zina taa nne ndogo pembeni zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (kuwasha mfumo). Zinawaka na kuzima kwa zamu; itakayobaki inawaka ndiyo inayokuambia ilipokwama.

Ikibaki CPU, angalia kwanza waya wa pini 8. Ukiwa umechomekwa vizuri, swali linalofuata ni kama BIOS (programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) inaijua prosesa yako. Mazabodi ya B450 iliyokaa dukani tangu zamani haitaitambua Ryzen (prosesa ya AMD) ya mfululizo wa 5000 mpaka BIOS ihuishwe. B660 nayo inaweza kuigomea Intel ya kizazi cha 13 kwa sababu hiyo hiyo. Nyingine zina kitufe nyuma cha kuhuisha BIOS bila prosesa: unapakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, unalibadilisha jina kama kitabu cha mazabodi kinavyoelekeza, unaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, unachomeka kwenye tundu lenye alama na kushikilia kitufe sekunde chache. Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa, kwa hiyo usithubutu bila UPS.

Ikibaki DRAM, weka kipande kimoja tu cha RAM kwenye tundu la pili kuhesabu kutoka kwenye prosesa, ujaribu. Vikiwa viwili, vikae la pili na la nne, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Lakini kama ni RAM ya kizazi cha DDR5, subira kwanza: mara ya kwanza mazabodi huipima RAM na kujipanga, na skrini inaweza kukaa nyeusi kwa dakika kadhaa. Kwenye AMD za soketi ya AM5 hili ni la kawaida kabisa. Ipe dakika 10 za saa. Anayezima na kuwasha kila baada ya sekunde 40 anairudisha mwanzo kila mara.

Ikibaki VGA, tazama waya wa skrini umechomekwa wapi. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina grafiki ndani yake; Ryzen 5 5600 pia haina, wakati 5600G inayo. Kwa zisizo nayo, HDMI lazima itoke kwenye kadi ya grafiki, si kwenye mazabodi. Kosa hili linaaibisha na kila fundi amewahi kulifanya.

Ikibaki BOOT, furahi: mashine ni nzima, inachotafuta ni mfumo wa kuwasha tu.

Kama huna taa hizo na umeshajaribu yote, rudisha mipangilio ya BIOS mwanzo. Chomoa umeme ukutani, toa betri ya duara ya CR2032, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10 kumaliza umeme uliobaki, subiri dakika 5, rudisha.

NDANI YA BIOS, DAKIKA TANO ZINAZOOKOA SIKU

Ingia kwa kubonyezabonyeza Del au F2 mara tu baada ya kuwasha. Soma kabla ya kubadilisha chochote. Je, RAM inasomeka yote? Umeweka GB 16 na inaonyesha 8, kipande kimoja hakijakaa. Je, SSD (diski ya kuhifadhia) imeorodheshwa kwa jina? Je, tarehe ni ya leo? Betri ikiwa imechoka, tarehe hurudi miaka ya nyuma na baadaye usalama wa mtandao utagoma bila kueleza kwa nini. Kumbuka BIOS inatumia saa 24: saa mbili usiku andika 20:00.

Kisha tazama joto la prosesa kwa dakika tatu hivi. Likituama kati ya nyuzi 30 na 50, sawa. Likipanda hatua kwa hatua kuelekea 90, feni haijakaa, au ile karatasi nyembamba ya plastiki chini ya kipoza joto haikubanduliwa. Mashine ya namna hiyo itajizima katikati ya kunakili mafaili, na utahangaika na vitu visivyohusika.

Mambo manne ya kupanga: zima XMP au EXPO, ili RAM iende kwa kasi yake ya msingi hadi usakinishaji uishe. Zima CSM (njia ya zamani ya kuwasha), ili mashine iwake kwa UEFI (njia mpya) tupu. Ila ukiwa na kadi ya grafiki ya zamani sana, kuzima CSM kunaweza kuleta skrini nyeusi, na hapo urudishe kwa njia ya betri. Washa TPM (sehemu ya usalama inayotunza funguo), ambayo kwa Intel huitwa PTT na kwa AMD huitwa fTPM. Acha Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwasha) katika hali ya kiwanda. Hifadhi kwa F10.

FLASHI

Flashi ndiyo inayosababisha matatizo mengi kuliko kifaa kingine chochote, na ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote.

Kwanza, ukubwa wa uongo. Kuna flashi zilizoandikwa GB 64 zenye nafasi halisi ya GB 8 au chini. Zinapokea mafaili yote, lakini yaliyozidi yanapotea. Jaribu flashi tupu kwa programu ya H2testw ndani ya Windows, au F3 kwa Linux. Itaandika mpaka ijae kisha isome upya, kazi ya nusu saa au zaidi. Ikisema kuna data iliyopotea, itupe. Usimpe hata mtoto wa shule, maana naye ana kazi za kuhifadhi.

Pili, faili la ISO, yaani nakala nzima ya Windows katika faili moja. Lichukue kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Lina zaidi ya GB 5. Kwa bando letu, ni heri kupakua ISO mara moja na kuitunza kuliko kutumia ile programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi, ambayo hupakua upya kila unapoihitaji. Ikishaisha, hakiki haikukatika njiani. Fungua dirisha la amri kwenye folda ya faili uandike, ukiweka jina la faili lako:

certutil -hashfile windows11.iso SHA256

Itatoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Linganisha na ule ulio kwenye ukurasa ulipopakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili ni bovu. Zile Windows zilizochakachuliwa zinazozunguka kwenye flashi za mafundi hazina cha kulinganisha nacho: mtu ametoa vitu ndani, akaongeza vyake, na hitilafu utakayoiona inaweza kuwa ni yeye. Kama leseni ndiyo hofu, unaweza kupiga Windows halali bila kuingiza ufunguo kwa kuchagua "I don't have a product key", ukaingiza baadaye. Chagua tu toleo linalolingana na ufunguo utakaonunua, Home au Pro.

Tatu, kuitengeneza. Kuburuta ISO na kuidondosha kwenye flashi ya kawaida hakuifanyi iwake. Tumia programu ya Rufus na flashi ya GB 8 au zaidi, ukichagua GPT (mpangilio mpya wa diski), UEFI, na mfumo wa mafaili ambao Rufus yenyewe imependekeza. Usilazimishe FAT32: mfumo huo haubebi faili linalozidi GB 4, na faili kuu la Windows 11 mara nyingi linazidi. Ukipenda kubeba ISO nyingi kwenye flashi moja, programu ya Ventoy ni nzuri. Ila Secure Boot ikiwa imewashwa, mara ya kwanza itakutaka uisajili ufunguo wake.

Chomeka flashi nyuma ya mashine, moja kwa moja kwenye mazabodi, ikiwezekana kwenye tundu jeusi la USB 2. Matundu ya mbele hupitia waya ambao huenda haujakazwa. Fungua orodha ya kuwashia: F8 kwa ASUS, F11 kwa MSI na ASRock, F12 kwa Gigabyte. Flashi moja inaweza kuonekana mara mbili. Chagua ile inayoanza na neno UEFI. Kosa la hapa ndilo huzaa tatizo la GPT tutakalolikuta mbele.

Windows ikisema "A media driver your computer needs is missing", usianze kutafuta draiva (programu ya kuendesha kifaa). Mara nyingi ni flashi mbovu, ISO iliyokatika, au tundu. Hamisha tundu, kisha tengeneza upya.

"THIS PC CAN'T RUN WINDOWS 11"

Windows 11 inadai prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha yao, kwa kawaida Intel kuanzia kizazi cha 8 na Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, RAM GB 4, diski GB 64, UEFI yenye Secure Boot, na TPM 2.0. Kwa mashine iliyoungwa kwa vipande vipya, mara nyingi ni TPM iliyozimwa au flashi iliyowashwa bila UEFI. Rudi BIOS. Rufus inaweza kuondoa masharti haya, lakini kuyaruka kwenye mashine inayoyatimiza ni kuvaa viraka kwenye shati jipya. Iachie mashine za mtumba ambazo hazina namna.

DISKI HAIONEKANI

Umefika kwenye ukurasa wa kuchagua mahali pa kusakinisha, orodha ni tupu. Swali la kugawanya njia ni hili: BIOS iliiona SSD au haikuiona?

Kama BIOS haikuiona, tatizo ni la chuma. SSD za M.2 (zile bapa zinazochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi) zinafanana kwa umbo lakini ziko za aina mbili: za NVMe na za SATA. Za NVMe kwa kawaida zina pengo moja kwenye meno, za SATA zina mawili. Tundu lililotengenezwa kwa NVMe peke yake litaishika ya SATA vizuri, utaifunga na skrubu, na halitaiona kamwe. Fungua kitabu cha mazabodi utafute tundu linalokubali zote. Pia, kwenye baadhi ya mazabodi, kutumia tundu fulani la M.2 huzima matundu mawili ya SATA, kwa hiyo diski uliyoiona jana inapotea leo ulipoongeza SSD. Na kuna mtego ambao wengi hawaujui: mazabodi ya B560 au Z590 ikifungwa prosesa ya Intel ya kizazi cha 10, tundu la M.2 la juu lililo karibu na prosesa halifanyi kazi, kwa kuwa linategemea njia ambazo prosesa hiyo haina. Hamishia SSD tundu la chini, kazi imekwisha.

SSD ya M.2 isiyofungwa skrubu hunyanyuka upande mmoja. Ichomeke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi mpaka meno yasionekane, kisha ilaze na kuifunga. Skrubu ile ndogo kama punje ya mchele hupotea parselini. Usiibandike kwa selotepu, joto la SSD litaiachisha.

Kama BIOS inaiona lakini Windows haiioni, mshukiwa mkuu kwenye Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea ni mpangilio uitwao VMD. Ukiwa umewashwa, SSD inakaa nyuma ya pazia ambalo flashi ya Windows huenda haina draiva yake. Kwa mtu mwenye SSD moja, dawa rahisi ni kuuzima VMD kwenye BIOS na kuanza upya. Fanya hivyo kabla ya kusakinisha. Ukiuzima baada ya Windows kuingia, itakuja na skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ukitaka uendelee kuwashwa, pakua draiva ya Intel RST kwenye kompyuta nyingine na uikunjue:

SetupRST.exe -extractdrivers rst

Nakili folda ya rst kwenye flashi, halafu kwenye ukurasa wa diski bofya "Load driver" na uielekeze huko. Faili la exe lenyewe halisomeki pale. Kinachotakiwa ni faili la inf lililomo ndani ya folda.

GPT NA MBR

Jumbe mbili hufanana, tiba zake hutofautiana. Ikisema diski ni ya GPT na haiwezi kusakinishwa, uliwasha flashi kwa njia ya zamani. Usiiguse diski: zima, rudi kwenye orodha ya kuwashia, chagua flashi yenye neno UEFI. Ikisema diski ni ya MBR (mpangilio wa zamani) na mifumo ya EFI inataka GPT, diski yako ilitumika zamani kwingine, na hapo ni kuisafisha.

Kabla ya kusafisha, zima mashine na uchomoe diski nyingine zote, hasa ile yenye picha za harusi. Hii pia inazuia Windows kuweka mafaili yake ya kuwashia kwenye diski ya pili, jambo ambalo hugundulika miezi baadaye diski hiyo ikitolewa na mashine kushindwa kuwaka. Kisha washa tena kwa flashi hadi ukurasa wa diski, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, dirisha jeusi litafunguka, andika mstari mmoja mmoja:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt
exit

Baada ya list disk, simama usome safu ya ukubwa. SSD ya GB 500 itaonekana kama 465, ya GB 256 kama 238, ya TB 1 kama 931. Flashi ya GB 16 kama 14 au 15. Kama SSD yako si namba 0, badilisha namba. Amri ya clean haiulizi mara mbili na haina kurudi nyuma. Ikikataa kwa kosa la kusoma au kuandika, SSD yenyewe ni mgonjwa. Ipeleke kwenye kompyuta nyingine uipime kwa CrystalDiskInfo. Amri zote zikifaulu, funga dirisha, bonyeza Refresh, chagua nafasi tupu yote kama ilivyo, endelea. Usihangaike kukata patisheni (vigawanyo vya diski) kwa mkono, Windows itazikata yenyewe.

INAKUFA NJIANI

Hapa ndipo watu hupoteza siku nyingi, na kuna kipimo kimoja cha bure: andika asilimia inapokwama, jaribu mara tatu. Ikikwama kwenye asilimia ile ile kila mara, shuku flashi au ISO. Ikikwama leo 35, kesho 64, mara nyingine inafika 80 na skrini ya buluu, shuku RAM, umeme au joto. Kosa la 0x80070570, linalosema mafaili yameharibika, linaweza kutoka pande zote mbili: ISO inaweza kuwa bovu kweli, au ni nzima na RAM inayoipitisha ndiyo inayoichafua. Ndiyo maana ule uhakiki wa certutil una thamani. Ulishaufanya kwenye mashine nyingine nzima, hivyo ISO umeiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Skrini za buluu zenye MEMORY MANAGEMENT au IRQL NOT LESS OR EQUAL, zikibadilika badilika, ni RAM mpaka ithibitike vingine. Hakikisha XMP imezimwa. Bado? Tengeneza flashi ya MemTest86 (programu ya kupima RAM), iwashe, uiache ifanye mizunguko yake minne usiku kucha ikiwa juu ya UPS. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM. Hakuna "makosa machache yanayovumilika".

Ikionyesha makosa na una vipande viwili, usitupe vyote. Pima kipande A kwenye tundu la pili, kisha B kwenye tundu hilo hilo. Kosa likimfuata kipande, kipande ni kibovu. Vikikosea vyote kwenye tundu hilo na vyote vikapona kwenye tundu la nne, tatizo ni tundu, au pini iliyopinda chini ya prosesa ya Intel, au skrubu za feni zilizokazwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Legeza skrubu zote nne na uzikaze kwa msalaba, kidogo kidogo. Inashangaza mara ngapi hilo tu linarudisha RAM.

Mashine ikizima kabisa bila skrini ya buluu, rudi kwenye joto na umeme. Jaribu pawa saplai ya kuazima kabla ya kuagiza nyingine. Kwa hapa Kigoma, Mwanga au Ujiji, si vigumu kupata fundi mwenye ya ziada.

Kipimo kingine tunachokipenda: washa Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. ISO yake ni karibu GB 3. Ikiwaka, ikaiona SSD, ukacheza video saa nzima bila kuganda, chuma chako kwa sehemu kubwa ni kizima na uelekeze macho kwenye flashi ya Windows au mipangilio ya BIOS. Ikiganda nayo, acha kuitukana Windows. Kama Linux inaleta skrini nyeusi mwanzoni kwa ajili ya kadi ya grafiki, kwenye orodha yake ya kwanza bonyeza e, tafuta maneno "quiet splash", andika nomodeset baada yake, kisha F10.

INARUDI MWANZO KILA MARA

Inanakili hadi 100, inajizima na kuwaka, halafu inakuuliza lugha upya kana kwamba hamjawahi kuonana. Si ugonjwa. BIOS imeanza na flashi tena. Chomoa flashi mashine inapojizima mara ya kwanza, au chagua "Windows Boot Manager" kwenye orodha ya kuwashia.

Ikikaa kwenye "Getting ready" muda mrefu, tazama taa ya diski mbele ya kasha. Inapepesa, iache, hata nusu saa. Imezima kabisa kwa dakika 30, zima kwa kitufe na uanze upya.

INADAI INTANETI NA HAKUNA

Windows 11 hufika mahali pa kudai mtandao na kitufe cha kuendelea kikagoma. Mazabodi mpya huwa na kadi ya mtandao ambayo draiva yake haimo kwenye flashi, hivyo hata waya ukichomeka hakuna kitu. Ile amri ya kuruka hatua hii iliyosambaa mitandaoni, Microsoft wameiondoa kwenye matoleo ya karibuni, kwa hiyo usiitegemee.

Njia inayofanya kazi huku ni simu ya Android. Ichomeke kwa waya unaopitisha data, maana waya nyingi za bei chee hupitisha chaji tu. Fungua mipangilio ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Windows kwa kawaida huitambua simu kama waya wa mtandao bila kuhitaji draiva. Simu ikiwa yenyewe imeunganishwa Wi-Fi, itapitisha hiyo hiyo Wi-Fi.

Angalizo: kwa kuwa Windows inadhani ni waya wa ofisini usio na mwisho, itaanza kushusha masasisho na kulimaliza bando kabla hujaona hata eneo-kazi. Nunua kiasi kidogo tu cha kuvuka hatua hiyo, na ukishaingia nenda Settings, Network & internet, Ethernet, uwashe "Metered connection". Masasisho makubwa yasubiri penye intaneti isiyohesabiwa.

IKISHAWAKA

Saa za eneo chagua ile ya UTC+03:00 iliyoandikwa Nairobi, kwa kuwa Windows haina Dar es Salaam kwenye orodha yake, Linux inayo. Sakinisha draiva za mazabodi kutoka tovuti ya mtengenezaji, ukianza na ya chipset na ya mtandao. Zima, rudisha diski nyingine ulizochomoa. Mwisho kabisa washa XMP, na mashine ikianza kutetereka siku hiyo hiyo, ishushe kasi ya RAM hatua moja, kwa mfano kutoka 3600 hadi 3200, kabla ya kumpigia simu aliyekuuzia.